Je, Glaspie alimruhusu Saddam kuivamia Kuwait?

Mdadisi: Wakuu, Julai 25, 1990 April Glaspie, balozi wa Marekani mjini Baghdad, alimwambia rais wa Iraq Saddam Hussein kwamba nchi yake haina msimamo kwenye ugomvi wa Waarabu kwa Waarabu, kama ule wa mpaka na Kuwait. Si ndiyo ruhusa hiyo?

Kinyago: Hapana mkuu. Kikao kilekile alihoji majeshi yaliyorundikwa mpakani, akataka mgogoro umalizwe kwa amani. Ila hakuwa peke yake. Siku moja kabla, Wizara ya Mambo ya Nje Washington ilitamka haina mkataba wa ulinzi na Kuwait. Julai 31 John Kelly, naibu waziri katika wizara hiyo aliyeshughulikia Mashariki ya Kati, akarudia hayohayo mbele ya Bunge la Marekani. Kisheria ni kweli, lakini kwa anayetafuta upenyo ni kama kuambiwa "hatutapigana". Onyo la wazi, la kumweleza Saddam gharama atakayolipa akivamia, halikutolewa.

Bahari7: Msimsahau Mubarak, rais wa Misri aliyekuwa akipatanisha. Alitoka Baghdad akisambaza kwamba Saddam hatashambulia. Wairaki wakadai ahadi ilikuwa na sharti: hadi mazungumzo yafanyike. Sharti likapotelea njiani (kosa la kawaida la wapatanishi). Mazungumzo ya Iraq na Kuwait mjini Jeddah, Saudi Arabia, yalivunjika Agosti 1. Agosti 2 alfajiri vifaru vikavuka.

Mdadisi: Kumbe. Na deni ambalo Iraq ilidaiwa na Kuwait kutokana na vita na Iran?

Kinyago: Hilo ndilo kiini, pamoja na bei ya mafuta.