Twiga walewale kila duka: tuwape nafasi kwenye maonyesho au tudai kitu kipya?

Mwana Upanga (mwanzisha mada):
Wakuu, salaam. Hoja hii huibuka kila yanapofanyika maonyesho ya sanaa hapa Dar, kisha huachwa njiani. Pita maduka ya picha kuanzia Oysterbay mpaka Slipway: twiga watatu, mbuyu, jua linazama, nyuma rangi ya machungwa. Duka linalofuata, twiga walewale. Msimamo wangu ni kwamba kazi isiyo na jipya isipewe ukuta wa maonyesho wala tuzo.

Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mjini hapa mwaka 1968, na mwaka 1972 akauawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Ndani ya miaka minne alichukua vipande vya mraba vya hadibodi, kama sentimita 60 kwa 60, na rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli, vitu vinavyouzwa duka la vifaa vya ujenzi, akatoa kitu ambacho hakikuwepo: mtindo huu wa wanyama tunaouita Tingatinga. Sisi tumerudia kwa zaidi ya miaka 50. Nani anatetea hili, na kwa hoja gani?

Fundi Rangi:
Natetea mimi, mkuu. Unaihukumu picha kwa kumtazama mnyama. Hebu tazama rangi ilivyokaa.

Kitambaa cha pamba huwambwa kwenye fremu kwa kupigwa pini kuanzia katikati ya kila upande kuelekea pembeni. Ukianzia pembeni, kitambaa hukaa upande na mikunjo haitoki tena. Hufuata mikono miwili ya rangi nyeupe ya maji ili pamba isinywe mafuta, kisha msasa laini. Ndipo unakuja ule mwanga wa machweo unaokuchosha: njano chini, machungwa katikati, nyekundu juu, zote zinaunganishwa zikiwa mbichi kwa brashi pana iliyo kavu. Muda wake ni dakika chache. Rangi ikishaanza kushika, brashi huacha michirizi, na dawa yake ni kusubiri ikauke kabisa, uisugue kwa msasa, uanze upya.

Baada ya hapo picha hulala usiku mzima, na wakati wa masika hata siku mbili. Wengi huharibu hapa. Rangi ya mafuta hukauka kuanzia juu, kwa hewa. Ukipaka nene, au ukiweka mkono wa pili wakati wa chini bado ni laini, ngozi ya juu hujikunyata na haikunjuki tena. Ukizidisha thina, mng'ao hufa, na nukta za kupambia wanyama husambaa. Ukiikunja picha kabla haijakomaa, inanata. Ukiikunja rangi ikiwa ndani, inapata makunyanzi. Ikunje rangi ikiwa nje.

Sasa mpe mwanafunzi wazo jipya kabla hajajua rangi inashika saa ngapi. Ataharibu kitambaa, rangi na hilo wazo. Akimchora twiga ambaye mkono wake unamjua tayari, akili yote inabaki kwenye rangi. Na hili la kuhama kutoka ubaoni kwenda kwenye kitambaa mbona hulihesabu? Hadibodi ni nzito na huvunjika pembe. Kitambaa kinaingia kwenye begi la mgeni, na kinabeba picha kubwa kuliko mraba ule wa mwanzo. Wanyama hawakubadilika, lakini kazi ilibadilika sana.

Mpingo wa Mwenge:
Niongeze la vinyago. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mchongaji wa Kimakonde, Samaki Likankoa, alileta umbo la shetani, na mfanyabiashara wa hapa Dar, Mohamed Peera, akamtia moyo aendelee. Lilikuwa jipya kwelikweli. Leo shetani yuko kila meza ya soko la vinyago la Mwenge. Kwa hiyo, Mwana Upanga, kipimo chako kingemtuza Samaki na kumfukuza kila aliyemfuata, hata aliyechonga vizuri kumzidi.

Tena soko likidai jipya kila msimu, haraka inazaa udanganyifu: mti laini unapakwa kiwi nyeusi na kuitwa mpingo. Futa chini ya kitako kwa kitambaa chenye thina, weusi utatoka. Mpingo halisi ni mzito kiasi cha kuzama majini.

Vina na Mizani:
Ndugu zangu, washairi tuliligombania hili mpaka tukagawanyika kambi mbili. Kaluta Amri Abedi, aliyekuwa meya wa kwanza Mwafrika wa jiji hili, alitoa kitabu cha sheria za utunzi mwaka 1954. Mwaka 1974 mshairi Euphrase Kezilahabi akatoa diwani isiyofuata vina wala mizani, na moto ukawaka.

Mimi nafuata vina, lakini simtetei kila anayevifuata. Tazameni mshororo huu wa mizani 16:

*Nimekuja kwenu leo, kuwaomba msaada.*

Nane na nane, na kila nusu ina kazi. Sasa huu:

*Nimekuja leo hii, siku ya leo hakika.*

Nane na nane pia, ila nusu ya pili imejazwa ili hesabu itimie. "Hakika" imeletwa kwa sababu ya kina tu. Ugonjwa ni huo, na shairi huru nalo linaugua: sentensi ya kawaida iliyokatwakatwa mistari mifupi, ukiiunganisha unapata taarifa ya habari. Maonyesho yakichuja kwa kuuliza "umbo ni jipya?", huyu wa shairi huru atapita na yule wa mshororo wa kwanza ataachwa nje. Waulize kila kipande cha kazi kinafanya nini pale kilipo.

Mwana Upanga:
Hoja ya Vina na Mizani imenigusa, na nalegeza upande wa tuzo: umbo la zamani liruhusiwe. Lakini upande wa kuuza siachii. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 hulinda kazi yenyewe, hailindi mtindo. Kumchora twiga kwa nukta ni haki ya kila mtu. Kunakili mpangilio wa mwenzako mstari kwa mstari, kisha ukaweka sahihi yako, ni jambo jingine. Napendekeza nyuma ya kila picha iandikwe kwa kalamu isiyofutika: aliyebuni muundo, aliyeuchora, mwaka. Nakala iitwe nakala na iwe na bei yake.

Fundi Rangi:
Nakubali mwaka na jina la mbunifu. Hapo kwenye "aliyeuchora" ndipo pagumu. Picha nyingi za karakana hupita mikono mitatu: mmoja anaunganisha rangi za nyuma, wa pili anachora wanyama, kijana wa tatu anajaza nukta kwa kijiti au brashi nyembamba. Anayeunganisha rangi ndiye mwenye kazi ngumu kuliko wote, na jina lake halijawahi kuwekwa mbele ya picha.

Mpingo wa Mwenge:
Basi yaandikwe majina yote matatu na kazi ya kila mmoja. Nyuma ya fremu nafasi ipo.

Mwana Upanga:
Yaandikwe. Ila tuzo ikija, mimi bado nampa aliyebuni muundo.

Fundi Rangi:
Mimi nampa wa rangi za nyuma. Leteni picha mbili za muundo mmoja, kila moja na mkono wake, ziwekwe mita tatu mbele ya waamuzi bila majina, tuone watachagua kwa kutazama nini.