Spina imeshuka inakwangua kaulingi, nikate faiba au kuna namna?

Kijana_wa_Igombe
Wakuu salaam. Naomba msaada kabla sijaharibu kitu cha watu. Niko na mzee mmoja mstaafu tunaunda ndege ya viti viwili, RV-9A, tuko godauni huku Igombe, injini ni Lycoming O-320 iliyokwisha tumika, propela ya aluminiamu. Mwaka jana tulipofunga kaulingi (lile ganda la faiba linalofunika injini) tulipima mwanya wa nyuma ya spina (ile kofia ya katikati ya propela) tukaacha milimita 6 pande zote, spina na mdomo wa kaulingi zikakaa sawasawa kabisa mpaka tukapiga picha. Sasa tumekuwa tunaiwasha na kuikimbiza chini tu, haijaruka bado, juzi nachungulia nakuta chini kwenye mdomo rangi imekwanguka kama mwezi mchanga. Nikapima, kushoto 4, kulia 8, na ukisimama mbele unaona kabisa spina imekaa chini ya kaulingi kama milimita 5 hivi. Mzee anasema kata faiba yaishe. Roho yangu inasita, kaulingi mpya mpaka itoke Marekani tutakuwa tumeshazeeka. Nani kakutana na hii?

Sangara_wa_Ilemela
Kata mkuu. Milimita nne ndo nini? Sisi kwenye boti tunakata kila siku na zinaelea.

Fundi_Nyakato
Sangara usimponze kijana, boti ikikwangua unaogelea.

Kijana kwanza nijibu, hiyo kushoto ni kushoto ya nani, ya rubani akiwa amekaa au yako ukisimama mbele? Wengi hupotelea hapo wanarekebisha upande mzima. La pili, ulipima propela ikiwa imesimama sehemu moja tu? Naona ndivyo. Sasa rudia. Bandika kipande cha maskintepu kwenye spina uweke alama, pima mwanya pale kushoto, alafu zungusha propela robo mzunguko upime tena palepale, mpaka alama irudi ilipoanzia. Namba ikipanda na kushuka ujue mgonjwa ni spina, ama sahani ya nyuma yake imepinda ama matundu ya skrubu yalitobolewa nje ya senta, na hapo injini haina kosa lolote. Ila kama palepale kushoto inasoma 4 mzunguko mzima basi spina ni nzima, injini ndo imehama au kaulingi ndo imehama. Ukikata bila kujua hilo ni sawa na kumpa dawa ya malaria mtu anayeumwa jino.

Ukiwa hapohapo weka ndoo au stuli karibu na ncha ya panga la propela, pitisha panga la kwanza na la pili, kwa propela ya metali kama yako zisitofautiane zaidi ya milimita moja na nusu. Zikizidi una jambo lingine kabisa.

Na tafadhali sana, KABLA ya kushika propela: swichi ya magineto (kile kifaa kinachozalisha umeme wa cheche za plagi) zima, toa plagi, hata zile nne za chini tu zinatosha kufanya izunguke laini. Usiamini swichi peke yake. Magineto inazimwa kwa waya kwenda bodi, waya ukikatika magineto iko hai hata funguo ukiwa nao mfukoni, na injini yenye moto ikishtuka nusu mzunguko tu inaondoka na mkono.

Dada_Faiba_Kirumba
Mimi natengeneza mitumbwi ya faiba, ndege sizijui ila faiba naijua. Kaka ikifika mahali ukalazimika kukata au kuongeza mdomo, kwanza jua hiyo kaulingi ni ya rezini gani (ile gundi inayogandisha faiba). Hii ya boti tunayonunua kwa madumu ni poliesta, na poliesta haishiki vizuri juu ya epoksi iliyokwisha kauka, itakaa siku mbili tatu ikipata joto la injini inabanduka kama ganda la ndizi. Kama hujui tumia epoksi, inashika juu ya zote. Na piga msasa mpaka mng'ao wote uishe, sio kupangusa na petroli basi. Pute ya magari usiijazie unene, inapasuka kwenye mtikisiko.

Kijana_wa_Igombe
Asanteni jamani. Kushoto ya rubani. Nimezungusha leo asubuhi kabla jua halijawa kali, plagi zote nje, kushoto inasoma 4 mzunguko mzima ikicheza labda nusu milimita, ncha za propela ziko sawa. Kwa hiyo injini?

Fundi_Nyakato
Injini, au raba zake. Piga tochi kwenye mauntingi zote nne, vile vishikizo vya raba vinavyobeba injini. Injini inaning'inia mbele, kwa hiyo za juu zinavutwa na za chini zinakandamizwa. Ukiona imeshuka NA imeegemea kushoto, mimi ningeanza na ya chini kushoto.

Kijana_wa_Igombe
Fundi wewe mganga?? Ya chini kushoto imelowa oili chapachapa, raba imevimba imekuwa laini unaibonyeza kwa kidole gumba kama andazi. Juu yake kuna mpira wa kurudisha oili unavuja kwenye klampu. Tulikuwa tunapangusa hiyo oili kila tukimaliza kuwasha, tunasema injini ya zamani lazima itoe jasho 😅

Sangara_wa_Ilemela
Nafuta usemi wangu wa kukata.

Fundi_Nyakato
Sasa klampu na mpira kwanza, la sivyo raba mpya zitalewa oili ileile. Raba badilisha seti nzima, usichanganye mpya na nzee, na angalia kitabu ipi inakaa mbele na ipi nyuma maana za juu na za chini hazipangwi sawa. Ukiinua injini kwa winchi weka kitegemeo chini ya mkia, hiyo yako ina gurudumu la pua, uzito ukitoka mbele inakaa kitako. Kaza bolti kwa spana ya toki (ile inayopima nguvu ya kukaza), spliti pini mpya, na uandike kwenye kitabu cha matengenezo.

Alafu kosa lenu la mwaka jana ni ile picha. Raba mpya huwa zinalala kidogo masaa ya mwanzo, ndo maana wengi wanaiacha spina juu ya kaulingi milimita 2 au 3 makusudi, ikishuka inakuta mahali pake. Nyie mliipanga sawasawa tangu siku ya kwanza. Baadaye ikishuka zaidi unaongeza washa nyembamba kwenye mauntingi za chini, pua inainuka, ila hakikisha nyuzi za bolti bado zinatokeza nje ya nati.

Kijana_wa_Igombe
Nimemsomea mzee. Amenyamaza, alafu akasema yeye tangu mwanzo alikuwa anashuku raba. Msumeno ameurudisha kwenye boksi mwenyewe. Raba tumeagiza, dada wa Kirumba nakuja kwako Jumamosi na kaulingi, pale palipokwanguka nyuzi zimeanza kuonekana.

Dada_Faiba_Kirumba
Njoo asubuhi, mchana niko Kayenze na mitumbwi. Uje na epoksi yako, mimi sina.