Jazi huru: nianze na rekodi ipi kwa watu waliokulia taarab?

Msikilizaji wa Mkunazini

Assalaam aleikum ndugu zangu.

Kwa miaka kumi na moja sasa nimekuwa nikisikiliza jazi huru, na hakuna muziki mwingine unaonishika kama huu. Nasema "jazi huru" kwa makusudi, kwa sababu hapa kwetu neno jazi likitajwa, watu wazima hukumbuka bendi za dansi za bara, Morogoro Jazz, Western Jazz na wenzao, na huo ni muziki mwingine kabisa. Ninaouzungumzia mimi ni ule uliopata jina lake kutokana na santuri ya "Free Jazz" ambayo mpiga saksafoni Ornette Coleman aliirekodi New York tarehe 21 Disemba 1960. Wanamuziki wanane waligawika makundi mawili ya watu wanne wanne, wakapiga kwa takriban dakika 37 bila ya mfuatano wa sauti uliopangwa kabla, kila mpulizaji akichukua zamu ya kuongoza huku wenziwe wakiwa na ruhusa ya kumwingilia, kumjibu au kumwacha peke yake.

Mgeni mmoja katika nyumba ya wageni nilikokuwa nikifanya kazi aliniachia sidii tatu alipokuwa akiondoka, na hiyo ilikuwa mojawapo. Tangu siku hiyo kila akiba ninayopata huenda katika kutafuta rekodi nyingine.

Sasa nina jambo linalonisumbua. Ijumaa moja ya kila mwezi, baada ya sala ya Isha, hukusanyika nyumbani kwangu watu sita au saba kusikiliza muziki. Aghlabu ni watu wa taarab, na mmoja wao ni mzee aliyepiga fidla kwa miaka mingi. Mwezi uliopita niliwapigia "Ascension" ya John Coltrane, ambayo kwangu mimi ni miongoni mwa vitu vikubwa kabisa vilivyowahi kurekodiwa. Haikufika dakika ya tano, mzee akaniuliza kwa upole kama wanamuziki hao walikuwa bado wanasawazisha ala zao. Swali lake lilikuwa la haki kabisa, na liliniuma kwa sababu sikuwa na jibu la kumpa.

Naomba ushauri wenu. Mtu aliyekulia taarab aanzishwe na rekodi ipi? Na je, rekodi peke yake inaweza kumtosha mtu ambaye huenda asipate kamwe kuuona muziki huu ukipigwa mbele ya macho yake?

Fidla ya Vikokotoni

Wa aleikum salaam, ndugu yangu.

Mimi ni mwalimu wa fidla na udi, na muziki huu niliujua ukubwani. Kosa halikuwa la mzee wala la Coltrane. "Ascension" imepigwa na watu 11, saba kati yao wakiwa wapulizaji, na wote wanaingia pamoja kwa nguvu zao zote. Hapa kwetu hatumfundishi mtoto kuogelea kwa kumtosa Ras Nungwi.

Mzee wako anajua taksim. Amekaa mara ngapi jukwaani akimsikiliza mpiga udi akienda peke yake bila ya mdundo, akatoka katika maqam moja, yaani mpangilio mmoja wa sauti, akagusa nyingine, akatuweka roho juu kabla ya kurejea nyumbani? Hakuna aliyemwandikia mpiga udi yule njia ya kupita. Anaibuni papo kwa papo, na hadhira inajua amepatia au amepotea. Masikio ya namna hiyo hayahitaji kufundishwa upya, yanahitaji kupewa mlango.

Mlango ninaoupendekeza ni "Lonely Woman", wimbo wa kwanza katika albamu ya Coleman ya mwaka 1959. Ni watu wanne tu: saksafoni, tarumbeta ya Don Cherry, besi ya Charlie Haden na dramu za Billy Higgins. Mwambie mzee asikilize mambo mawili. La kwanza ni kwamba dramu zinakwenda mbio tangu mwanzo, ilhali saksafoni na tarumbeta zinavuta wimbo polepole juu yake kama watu wanaoomboleza, na mambo hayo mawili hayapatanishwi mpaka mwisho. La pili, na hili ndilo litakalomgusa mpiga fidla, ni kwamba kundi lile halina kinanda. Kinanda kina sauti zilizokwisha kukatwa, na baina ya kitufe na kitufe hakuna pa kukanyaga. Coleman alikuwa akiisukuma sauti juu kidogo au kuishusha kidogo kwa kadiri ya hisia, na wengi wa zama zake wakasema hajui kusawazisha saksafoni yake, ambayo wakati ule ilikuwa ya plastiki. Sisi tunaopiga udi, ala isiyo na vigawanyo shingoni, tunajua vizuri kwamba sauti iliyo baina ya sauti mbili ina jina lake na kazi yake. Huzuni yangu kubwa ni kwamba kinanda cha umeme kilipoingia katika taarab yetu kiliziziba nyingi katika sauti hizo, na vijana wengi ninaowafundisha hawazisikii mpaka nizipige mara kumi.

Baada ya hapo mpigie kipande cha mwisho cha albamu ya Alice Coltrane iliyotoka mwaka 1971, "Journey in Satchidananda". Kilirekodiwa ukumbini mbele ya watu huko New York mwaka 1970, na ndani yake Vishnu Wood anapiga udi huku Pharoah Sanders akipuliza saksafoni. Wapo watakaosema kwamba hiyo si jazi huru iliyo kamili, na mimi sitabishana nao, lakini mzee akilisikia udi atakaa kitako.

Bi Mkubwa wa Malindi

Kaka, nitalijibu swali lako la pili, kwa sababu Maalim amekwisha kulijibu la kwanza vizuri.

Niliishi London kwa miaka kadhaa, na huko nilikuwa nikienda Cafe Oto, ukumbi mdogo ulioko Dalston, ambako wasikilizaji hukaa karibu sana na wapigaji. Huko nilimwona Peter Brötzmann, Mjerumani aliyerekodi "Machine Gun" mwaka 1968 pamoja na wenziwe saba. Rekodi ile nilikuwa nayo na nilikuwa nikiiogopa; nilikuwa nikiipiga kwa sauti ya chini, nikaizima kabla ya mwisho. Usiku ule ukumbini nilielewa nilichokuwa nikikikosa. Niliona mishipa ya shingo ikijaa, nikaona namna anavyoiondoa saksafoni mdomoni na kusimama kimya muda mrefu, macho chini, akimsikiliza mpiga besi, mpaka akapata pahali pa kuingia. Katika rekodi, kimya cha mpulizaji hakionekani, mtu husikia tu kwamba saksafoni haipo. Ukumbini kimya hicho ni sehemu ya kazi, na nilihisi kwamba watu wale walikuwa wakisikiliza zaidi kuliko walivyokuwa wakipiga. Kisha wote walinyamaza kwa pamoja bila ya yeyote kumwashiria mwenziwe. Nililia, na sikuona haya. Brötzmann alifariki mwezi wa Juni 2023, na namshukuru Mungu kwamba nilimwahi.

Kwa hiyo ukiniuliza kama rekodi inatosha, nitakwambia kwamba haitoshi, lakini upungufu wake unaweza kupunguzwa. Zipo video nyingi za maonyesho ya muziki huu katika mtandao. Waoneshe wageni wako japo dakika kumi, wapate kuona kwamba kila mmoja anamtazama mwenziwe. Na ukiwapigia ile santuri ya 1960, tafadhali usiipige kwa spika moja, sembuse ya simu. Kundi la Coleman liliwekwa upande wa kushoto, na kundi la pili, lenye Freddie Hubbard na Eric Dolphy, liliwekwa upande wa kulia. Spika zikiwa mbili na zimeachana, mtu anasikia majirani wawili wakizungumza kutoka baraza hii hadi baraza ile. Spika ikiwa moja, anasikia fujo.

Mkaazi wa Wete

Assalaam aleikum. Maalim wa Vikokotoni nimekusoma kwa heshima, na juu ya sauti za baina nakubaliana nawe moja kwa moja. Lakini naogopa kidogo tunapoufananisha muziki huu na taksim, kwa sababu taksim ina nyumba ya kurejea, na wapo wanamuziki wa jazi huru walioiacha nyumba hiyo kwa kukusudia. Cecil Taylor hapigi piano yake kwa ajili ya kurejea popote. Mgeni akiambiwa kwamba atasikia taksim, kisha akakutana na Taylor, ataona amedanganywa.

Mimi ningeanza na kitu kingine tulicho nacho nyumbani, nacho ni beni. Aliyekulia Unguja amewahi kuifuata beni ya harusi njiani, Mbwa Kachoka au nyingine, tarumbeta zikilia juu ya ngoma, kila mpulizaji akiupinda wimbo kidogo kwa upande wake, na wimbo wenyewe ni ule ule ambao kila mtoto anaujua. Huo ndio ulimwengu wa Albert Ayler. Alizaliwa Cleveland mwaka 1936, akapiga katika bendi ya jeshi la Marekani, na nyimbo zake ni fupi na nyepesi kama nyimbo za kanisani au za gwaride, kisha anazipasua kwa saksafoni mpaka zitoe kilio. "Spiritual Unity", aliyoirekodi tarehe 10 Julai 1964 na watu wawili tu, besi na dramu, haizidi nusu saa, na wimbo wa "Ghosts" umo mara mbili, mwanzoni na mwishoni. Jambo hilo ni msaada mkubwa kwa msikilizaji mgeni: akisikia wimbo ule ule ukirudi katika sura nyingine, anajua mwenyewe nini kimebadilika.

Na naomba usiache kuwaeleza wageni wako zama zenyewe. Hao walikuwa watu weusi wa Marekani katika miaka ya 1960, walipokuwa wakidai haki zao, na wengi wao walichoka kupiga kama walivyoamriwa na wenye kumbi na wenye makampuni. Archie Shepp alikwenda Algiers mwaka 1969, katika tamasha la utamaduni la Afrika nzima, akapiga saksafoni yake pamoja na wanamuziki wa Kituareg. Mimi nikiisikiliza rekodi hiyo hapa Wete huona kwamba bara hili halikuwa mbali na mawazo yao hata kidogo.

Msikilizaji wa Mkunazini

Nimechelewa kuwajibu kwa sababu nilitaka kwanza Ijumaa ipite.

Bi Mkubwa, niliazima spika ya pili kwa jirani, nikaziweka pembe mbili za chumba. Niliwapigia "Lonely Woman" bila ya maelezo marefu, isipokuwa nilimwambia mzee kwamba kundi hili halina kinanda. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Ilipokwisha akasema, "Irejee." Mara ya pili alisema kwamba ngoma ina haraka yake na wimbo una subira yake, na kwamba hajui ni kipi kati ya viwili hivyo kinachomtia huzuni. Udi wa albamu ya Alice Coltrane uliwafurahisha wote, lakini kwa mzee haukufika mbali kama Coleman.

"Ghosts" iliwagawa. Kijana mmoja alisema waziwazi kwamba hakuipenda, akatoka kwenda kunywa kahawa barazani, na nilimshukuru kwa ukweli wake. Wawili wengine waliuimba wimbo wenyewe uliporejea mara ya pili, kama vile wanaifuata beni. Ndugu yangu wa Wete, ulipatia. Sikugusa Cecil Taylor, na nitangoja.

Watu walipoanza kuaga, mzee alibaki. Alikuwa amekuja na fidla yake, ingawa sikumwomba, akaitoa mfukoni na kuniambia nimpigie tena pale mwanzo, saksafoni inapoingia. Alikitafuta kilio kile cha Coleman kwenye waya, akakikosa, akateleza kidole nyuma kidogo sana, akakipata. Nilikwenda kwenye kinanda changu kuitafuta sauti hiyo, na haikuwapo.

Ameniomba Ijumaa ijayo nimpigie "Ascension" tena, tangu mwanzo.