MREJESHO: Tovuti ya mapishi imerudi kuwa nyepesi

Wakuu, wiki iliyopita niliomba msaada: tovuti yangu ya WordPress (mfumo wa kuendesha tovuti) ilichukua sekunde 20 kufunguka, na maoni taka yalimiminika usiku kucha. Nilibadili jina la folda ya plagini (programu ndogo za kuongezea tovuti uwezo) kama mlivyonielekeza, zote zikazimika, kurasa zikafunguka papo hapo. Nikairudisha folda, nikawasha plagini moja moja. Kufika ya nne, ile ya kuhesabu wageni, mambo yakaganda tena. Kumbe iliandika kwenye hifadhidata kila ukurasa ulipofunguliwa. Jedwali lake limefika GB 3! Nimeifuta.

Maoni nimeyafunga kwa makala zilizozidi siku 14, na pingbaki (taarifa zinazojiingiza kwenye maoni tovuti nyingine ikikuwekea kiungo) nimezizima. Tangu Jumatatu yameingia maoni taka mawili tu.

Asanteni sana, hasa uliyesisitiza nichukue bakapu (nakala ya akiba) kwanza. Nilikosea nikafuta jedwali jingine, bakapu ikaniokoa.