Nyumba ya kupashwa joto na jua: nikague ramani kabla sijamwaga zege

MjengaPolepole:
Wakuu, habari zenu. Nina kiwanja kilicho latitudo 33 kusini mwa ikweta. Kipupwe cha huku ni kikali, watoto wanalala na masweta, na gharama ya kupasha nyumba joto inatuelemea. Tunataka kujenga nyumba ya familia, mita za mraba 120, ipate joto kutoka kwenye jua lenyewe, bila paneli wala pampu.

Kitabuni nimepata ramani ninayoipenda sana. Ina vioo vya mita za mraba 30 upande wa kusini, veranda ya upana wa mita 3 mbele ya vioo hivyo, jiko na chumba cha kulia mashariki ili tuamke na jua, gereji na stoo magharibi. Sakafu ni zege. Fundi anataka kuanza msingi mwezi ujao. Kuna mahali nimekosea?

Kivuli:
Msimamishe fundi, ndugu yangu. Hiyo ramani ilichorwa kwa mtu anayeishi kaskazini ya ikweta. Kwako wewe jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini mwaka mzima. Kipupwe chote ukuta wako wa kusini hauguswi na jua hata dakika moja, na vioo vyake vitakuwa vinatoa joto nje usiku na mchana.

MjengaPolepole:
Mkuu, nimeshtuka, lakini bora nimejua sasa. Basi nitaizungusha ramani nusu duara, kusini iwe kaskazini?

Bikari:
Usizungushe! Ukizungusha, mashariki nayo inakuwa magharibi. Jiko lako la jua la asubuhi litahamia upande wa jua kali la jioni, na gereji itakaa mashariki bila faida yoyote. Unachotakiwa ni kuipindua. Ichore kwenye karatasi nyepesi, ishike ukingo wa juu, iangushe mbele hadi uione kwa nyuma. Kusini itakuwa kaskazini, mashariki itabaki palepale. Gereji na stoo ziache magharibi, zinakinga vyumba. Dirisha kubwa la magharibi ni adui wa kiangazi, kwa kuwa jua la jioni liko chini na linapita chini ya upenu wowote.

Mama wa Watatu:
Mimi nina wasiwasi na hiyo veranda. Najua inapendeza, lakini piga hesabu. Kwenye latitudo yako, siku fupi kuliko zote mwezi wa 6, jua la adhuhuri linapanda digrii 33.5 tu. Paa lililotokeza mita 3 litaangusha kivuli cha karibu mita 2. Kama kioo chako kina urefu wa mita 2.1 na paa limekaa juu yake tu, utakuwa umekifunika karibu chote katika siku ulizokuwa unalihitaji jua!

Sasa chukua upenu wa sentimita 60, uuweke sentimita 30 juu ya kioo. Mwezi wa 6 kivuli kinashuka sentimita 40, kioo kinapoteza 10 tu. Mwezi wa 12 jua la adhuhuri linafika digrii 80.5, na upenu huohuo unakifunika kioo chote. Veranda ipeleke upande mwingine.

Tatizo moja upenu hauliwezi: jua la mwezi wa 3 na la mwezi wa 9 hupita njia ileile, ila mwezi wa 3 nyumba bado ina joto la kiangazi, na mwezi wa 9 bado unatetemeka. Weka turubai la kukunja kwa nje. Pazia la ndani halitoshi, maana joto limeshavuka kioo.

Fundi Zege:
Mita 30 za vioo ni nyingi mno kwa nyumba hiyo, ni robo ya sakafu. Kanuni tunayoitumia: kama nyumba haina zege au tofali za kutunza joto, vioo vya upande wa jua visizidi asilimia 7 ya sakafu, kama unazo, unaweza kufika asilimia 12 hivi. Kwako ni kama mita 14. Zaidi ya hapo utaoka mchana na kuganda usiku.

Zege la sentimita 10 linatosha, lakini weka sponji ngumu ya kuzuia joto chini yake na pembeni mwa msingi, la sivyo unaipasha ardhi moto. Juu weka vigae. Zulia ni kama kuivalisha sakafu koti, jua halitaifikia.

Pwani Kavu:
Sisi tulio karibu na ikweta tusiige hii. Jua letu linapita utosini, shida yetu ni kulizuia.

MjengaPolepole:
Nimewaelewa wote. Tumepindua ramani, vioo vinabaki mita 14, veranda imehamia mashariki. Mke wangu ameisikitikia kidogo. Jambo la mwisho: kaskazini naipima kwa dira ya simu?

Bikari:
Dira inaonyesha kaskazini ya sumaku, inaweza kukupotosha digrii kadhaa. Simika mti ulionyooka kiwanjani, weka alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano, kuanzia saa tano hadi saa nane mchana. Kivuli kifupi kuliko vyote kinalala kwenye mstari wa kusini na kaskazini halisi. Kamba ya msingi ifuate mstari huo.