Njia ya changarawe yenye vilima, maziwa matatu na msitu: nitajuaje inapitika kabla sijaenda?

vumbi_nyuma
Wakuu habari zenu. Naomba ushauri kwa wanaonyonga baiskeli za changarawe. Nimechora mzunguko wa kilomita 90, unapita maziwa matatu na katikati kuna msitu mkubwa, kwenye ramani unapendeza kweli yaani nimeuangalia wiki nzima. Programu inasema jumla ya kupanda ni mita 1,600. Baiskeli yangu ina tairi za milimita 38 zenye tyubu, mbele sproketi moja ya meno 42 na nyuma kubwa kabisa ni meno 36. Kwenye lami kilomita 90 namaliza kwa saa nne hivi bila shida. Sasa hizo mita 1,600 ni nyingi au kawaida? Na barabara za msituni nitajuaje kama zipo kweli au ni mstari tu kwenye ramani? Mwezi uliopita nilifuata mstari kama huo ukanipeleka mpaka ndani ya msitu ukaishia kwenye gogo na majani ya kufika kiunoni, nikasukuma baiskeli karibu saa nzima kurudi huku jua linazama. Sitaki yanikute tena.

kontua_kumi
Mkuu gawanya 1,600 kwa 90, unapata karibu mita 18 kwa kila kilomita. Mimi nikiona chini ya 10 najua ni siku ya kawaida, ikifika 15 najipanga, ikikaribia 20 hiyo ni siku ya milima na siichanganyi na kitu kingine. Kwa hiyo ndiyo, ni nyingi, na changarawe inakula nguvu kuliko lami maana tairi la nyuma linateleza kidogo kila unapokanyaga. Zile saa nne zisahau, weka sita mpaka saba, na hapo sijahesabu kusimama.

Ila kabla hujapunguza kilomita, angalia kwanza maziwa yako yamelalaje. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Maziwa mengi ya vilimani ni marefu na membamba, yamelala kufuata bonde, ukienda nayo kwa urefu unapita karibu tambarare, ukitaka kuhama bonde hili kwenda lile lazima uvuke mgongo wa kilima. Sasa wewe kwa kupanda kote huko nahisi umechora mstari unaoyakatiza mabonde badala ya kuyafuata, kwa hiyo unapanda, unashuka majini, unapanda tena. Jaribu kuuchora upya ufuate bonde la kwanza mpaka mwisho wake, uvuke mgongo mara moja tu pale ulipo chini zaidi, halafu urudi na bonde la pili. Maziwa mawili badala ya matatu lakini utayaona vizuri, sio kuyapita umeinamisha kichwa unahema.

Halafu hiyo namba ya programu usiiamini mpaka mita ya mwisho. Programu nyingi zinatumia vipimo vya rada vilivyochukuliwa na chombo cha anga Endeavour Februari 2000, kila nukta ni kama mita 30 kwa 30. Barabara iliyochongwa ubavuni mwa kilima juu ya ziwa ni nyembamba kuliko hiyo nukta, kwa hiyo kompyuta inaona unapanda na kushuka wakati wewe unakwenda sawa kabisa, na penye miti rada inasoma majani ya juu badala ya ardhi. Bora uhesabu kontua mwenyewe, yaani ile mistari ya ramani inayoonyesha kimo cha ardhi. Kama mistari ni ya mita 10 na ndani ya nusu kilomita umekata mitano, hiyo ni mita 50 kwa 500, asilimia 10. Ukiona mistari imebanana zaidi ya hapo kwenye changarawe ujue kuna kushuka na kusukuma.

dada_breki
Kontua amesema vizuri, mimi niongezee ya msitu maana nimezungukia sana humo.

Barabara ya msituni kaka haikujengwa ikupeleke mahali, ilijengwa ikatoe magogo. Inaishia pale miti ya kukata ilipoishia. Kwa hiyo mstari unaoingia msituni na upande wa pili kuna mstari mwingine unaoukaribia lakini haujagusana nao, hapo katikati usijidanganye kwamba utapenya. Mita 300 za vichaka zinaweza kukumalizia saa nzima kama ilivyokukuta.

Kama ramani yako inatoka OpenStreetMap, ile ramani huria ya mtandaoni, bonyeza barabara usome maelezo yake. Kuna kipimo kinaitwa tracktype, kinaanza grade1 ambayo ni ngumu imeshindiliwa mpaka grade5 ambayo ni udongo laini na majani tu. Mimi nachora kwa grade1 na grade2, grade3 kama mvua haijanyesha, zaidi ya hapo siendi na mizigo. Na kwenye surface, yaani aina ya uso wa barabara, neno gravel pale mara nyingi sio changarawe tunayoipenda sisi, linaweza kuwa kokoto kubwa za kupasuliwa kama zile za kwenye reli. Zinazopitika raha zimeandikwa compacted au fine_gravel. Mimi ilinichukua muda mrefu kulijua hilo, nilikuwa nakimbilia kila palipoandikwa gravel nikitoka na mikono inatetemeka.

Halafu fungua picha za setilaiti. Ukiona michirizi miwili myeupe, huko magari yanapita bado. Mchirizi ukiwa wa kijani katikati, magari ni machache ila utapita. Ukipotelea chini ya miti usiuhesabu kabisa mpaka upate mtu aliyepita majuzi. Na chagua siku ambayo malori ya magogo hayafanyi kazi, lori limeshiba linashuka na kona ya vumbi hamuonani.

jino_kubwa
Mimi nakuja kwenye gia maana naona hapo ndipo utateseka. 42 kwa 36, kila ukizungusha padeli mara moja gurudumu linazunguka mara 1.17, yaani unasogea kama mita 2 na nusu. Mlima wa asilimia 10 ukinyonga mizunguko 60 kwa dakika unatakiwa uende karibu kilomita 9 kwa saa, na hiyo ukiwa umeshachoka ni ngumu sana. Ukiweka 40 mbele na 44 nyuma mizunguko ileile inakupa kilomita 7, unabaki umekaa kwenye kiti na kukaa ndiko kunakotakiwa, ukisimama kwenye changarawe uzito unahama mbele na tairi la nyuma linazunguka bure. Ila kwanza hakikisha ule mkono wa nyuma unaohamisha cheni unaweza kubeba sproketi kubwa kiasi hicho, sio kila mmoja unaweza.

Tairi kama fremu inaruhusu nenda 43 au 45 na achana na tyubu, weka zile zisizo na tyubu zenye dawa ya kuziba matundu ndani. Mimi nina kilo 75 naendesha 45 kwa presha ya psi 28 mbele na 31 nyuma. Wewe na 38 yenye tyubu huwezi kushuka huko, jiwe litabana tyubu kwenye rimu utapata pancha ya matundu mawili pembeni kwa pembeni kama meno ya nyoka.

kontua_kumi
Kitu kingine, mgongo utakaouvuka upandie upande wenye barabara ya malori, imechongwa taratibu kwa ajili ya mzigo, halafu ushukie upande mkali. Unatumia nguvu kidogo unafaidi mteremko.

dada_breki
Hapana kaka Kontua, hapo sikubaliani na wewe. Upande mkali wenye kokoto zinazohama ndio uliniangusha mimi. Ilikuwa kona ya pili kutoka juu, nilikuwa nimeshika breki tayari ndani ya kona, gurudumu la mbele likatoka tu kama limekanyaga mahindi makavu. Kiwiko kilichubuka mpaka leo alama ipo. Breki inashikwa kabla ya kona, nalijua hilo, lakini kwenye mteremko mkali hakuna "kabla", kona zinafuatana. Kama upande mmoja ni asilimia 12 na kokoto kubwa basi usipande wala usishuke, tafuta njia nyingine. Kama kuna tuta la reli ya zamani lifuate hata kama linazunguka, treni haiwezi milima mikali kwa hiyo ni nadra tuta lizidi asilimia 3.

kontua_kumi
Sawa dada, nakubali. Mimi nilikuwa nawaza udongo ulioshindiliwa. Kokoto kubwa usishukie huko.

vumbi_nyuma
Asanteni sana aisee. Nimekaa jana usiku nimechora upya, nimeacha ziwa la tatu, nimevuka mgongo mara moja, imekuwa kilomita 74 na mita 980, kama 13 kwa kilomita. Tuta la reli lipo kweli, kilomita 11 pembeni ya ziwa la kwanza, sikuliona mwanzo. Swali la mwisho, ncha ya juu ya ziwa la pili kuna njia inapita karibu kabisa na maji lakini barabara kubwa inakwenda mbali huko juu, nichague ipi? Na maji ya kunywa naweza kuchota ziwani nikachuja?

dada_breki
Ncha ya juu ndipo mto unapoingilia? Basi fuata ya juu. Mto unamwaga matope pale miaka yote, njia ya chini itakuwa kinamasi ndio maana waliojenga barabara wakaikwepa. Upande maji yanapotoka nje ya ziwa huwa pakavu zaidi, huko shuka ukakae ufukweni.

Maji chota kwenye kijito kinachoshuka kutoka msituni, uchuje. Ziwani kama maji yana utando wa kijani usichote hata kama una chujio zuri, ile sumu ya mwani wa bluu-kijani haichujiki kwa chujio la kawaida na kuchemsha hakuiondoi. Chupa zijaze kabla hujaanza kuuvuka mgongo.