Ukoo wa Mzee Nzige, Igunga

Neema: Shikamooni wakubwa. Jana nimeitwa kwenye intavyuu, dada wa mapokezi akasoma jina langu kwa sauti mbele za watu, "Nzige? Nzige huyu mdudu?" ukumbi mzima wakageuka. Jamani nimechoka, nataka niende kwa wakili nile kiapo nilitoe hili jina

Kaka Mussa: Pole mdogo wangu. Mi 2020 nzige walipoingia Kenya nilikoma kazini, kila asubuhi naambiwa ndugu zako washafika Isiolo, na 2021 wakavuka kweli mpaka Longido na Simanjiro ndo ikawa balaa

Mama Mdogo Mwanza: Marahaba Neema. Kubadili si mchezo lakini, NIDA, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, benki, vyote visomane. Mi waliniandika Nsige, herufi moja tu, nimezungushwa miezi

Neema: Bora nizungushwe ma mdogo, kuliko kuchekwa maisha yote

Baba Mdogo Igunga: Marahaba mama, pole sana. Ila nisikilize kwanza. Babu yako kazaliwa hapa hapa pembeni ya mbuga ya Wembere, na hii mbuga ni mazalia ya nzige wekundu toka zamani, wale wakubwa walianza 1930 wakaenda mpaka 1944 hivi. Marehemu bibi yenu alisimuliwa na mama mkwe wake, mama yake babu, kwamba jua liliziba wakadhani mvua, kumbe ndo hao, watu wote wakatoka mashambani na madebe wanagonga wanapiga kelele wasitue, wakatua, jioni mtama umebaki mabua matupu. Sasa huyo mama mkwe uchungu umemshika akiwa na debe mkononi. Mtoto akatoka mzima. Wakavuka ule mwaka kwa muhogo kwa sababu nzige anamaliza majani ila ulioko chini ya udongo haufikii, na nzige wenyewe wakawakaanga wakala

Shangazi Kulwa: Ndiyo hivyo. Na baba hakuwahi kuwa na cheti, kila ofisi akiulizwa umezaliwa mwaka gani anajibu mwaka wa nzige, na alikuwa anasema kwa sauti kabisa hainamishi kichwa. Hakuwa na tarehe nyingine zaidi ya jina lake

Neema: Shangazi mi hayo ya debe nayasikia leo, nina miaka 26 😭 baba hakuwahi kunisimulia

Shangazi Kulwa: Baba yako alitaniwa sana shuleni, akawa hataki hata kulizungumzia. Sisi wakubwa tumekosea mwanangu, tumewaachia jina mkahangaike nalo bila kuwaambia limetoka wapi. Naumia kweli

Kaka Mussa: Hata mi sikujua, miaka yote nilidhani babu alikuwa mlafi ndo wakamwita hivyo

Baba Mdogo Igunga: Hapana Mussa. Usirudie hilo

Kaka Mussa: Nisamehe baba mdogo

Neema: Kuhusu wakili bado sijaamua nisiwadanganye. Ila baba mdogo nirekodie hiyo habari yote ulivyoisikia kwa bibi, na kama kuna picha ya babu naiomba

Baba Mdogo Igunga: Nitarekodi usiku nikitoka shamba. Picha ni ile ya kwenye kadi yake ya ushirika wa pamba, imefifia ila sura inaonekana. Jina wameandika Nzige tu, mwaka wa kuzaliwa wameacha wazi